Mgombea wa Tisa

Wanaoisifu programu yetu ya kusoma maandishi kwa sauti huniuliza kwa nini ilichelewa kutoka. Huwa nawajibu kwamba nilikuwa makini. Ni uongo, na leo nausema mwenyewe.

Dada yangu, aliyenizidi miaka kumi na miwili, alikuwa msahihishaji wa prufu katika kiwanda cha uchapaji. Macho yake yalipoanza kufifia alisogeza taa, kisha akasogeza karatasi, kisha akaanza kunipigia simu nimsomee aya moja moja. Programu zilizokuwapo zilisoma lugha yetu kama mgeni mwenye mafua. Ndipo nikaanza kuandika ya kwangu, nikaifanya huria: msimbo wote wazi mtandaoni, anayetaka auchukue, auchokonoe, aurekebishe. Watu sita wa kujitolea walijiunga nami, hatujuani hata kwa sura.

Mpimaji wetu mkali alikuwa Dada. "Profesa," angeniambia kwenye simu, maana ndivyo alivyonitania tangu shuleni, "hii mashine yako ikifika kwenye nukta inapita tu kama inakimbizwa. Ifundishe kupumua." Tukaifundisha.

Mimi nilijitwisha kazi ya majina. Niliandika waraka wa kurasa nne. Toleo bichi, ambalo bado linakosa viungo, liitwe alfa. Lililotimia viungo lakini lina makosa liitwe beta. Na lile ambalo hatuoni tena kosa kubwa ndani yake liitwe mgombea, likae wiki mbili mikononi mwa watu. Likipita salama, neno hilo liondolewe na litoke kama toleo kamili. Mwenzetu mmoja aliwahi kuiita beta yake mgombea, nikampa vidonge vyake mbele ya wote.

Mgombea wa kwanza alikuwa tayari wiki ileile kiwanda kilipompa Dada miezi mitatu: akiweza kazi kwa kusikiliza, abaki, akishindwa, aende. Aliipeleka programu kwa fundi wa kompyuta wa pale. Fundi akasoma jina, akatikisa kichwa. Utaratibu wao haukuwa na mjadala: chochote chenye alfa, beta au mgombea kwenye jina hakigusi mashine za ofisi.

Dada alikuja kwangu siku hiyohiyo, akakaa kwenye kiti cha jikoni, mkoba magotini.

"Amesema hilo neno likitoka tu, anaiweka. Si uliniambia haina kosa kubwa?"

"Haina. Lakini wiki mbili hazijaisha."

"Zikiisha?"

"Zikiisha nalitoa, Dada."

Zilipobaki siku mbili niligundua kuwa kitufe kimoja rangi yake imepauka kidogo. Rangi! Kwenye programu ya wasioona! Nikairekebisha, nikaiita mgombea wa pili, hesabu ikaanza upya. Wa tatu alizaliwa kwa sababu ya neno lililorudiwa kwenye maelezo. Wa nne hata sikumbuki. Wenzangu wakaanza kunung'unika. Mmoja akanikumbusha kwamba waraka wangu mwenyewe unataja makosa makubwa, si vijimambo. Nikajitia hamnazo.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Mtu akimlalamikia mgombea unamjibu, ndugu yangu, si bado tunajaribu? Toleo kamili halina pa kujificha. Atakayelicheka anakucheka wewe. Nilimpiga dada yangu danadana kwa kuwahofia watu ambao sitakutana nao maisha yangu yote, na naona haya kuliandika hili.

Yeye hakunisukuma. Kila Jumapili alipiga simu, akauliza hali, akauliza kama nimekula, halafu kama mtu aliyekumbuka ghafla: "Na yule mgombea wako, bado anapiga kampeni?" Nikacheka, naye akacheka. Mara ya mwisho aliuliza bila kucheka.

Miezi mitatu iliisha tukiwa kwa mgombea wa tisa. Walimuaga kwa soda na hotuba fupi, baada ya miaka ishirini na saba. Nilikwenda kumsaidia kubeba vitu vyake: kamusi mbili, kioo cha kukuzia maandishi, kikombe. Fundi wa kompyuta ndiye aliyetushikia mlango.

"Nilikuwa naisubiri kweli, kaka," aliniambia kwa sauti ya chini. "Hata nafasi nilikuwa nimeshaitengea."

Nikapita na kamusi zake mbili.

Kesho yake asubuhi nililiondoa lile neno. Mchana nikaenda nyumbani kwa Dada, nikaiweka programu kwenye kompyuta yake, nikaifungulia sura ya kitabu. Ilisoma kurasa tano bila kujikwaa. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani, kichwa kimeinama upande, jinsi alivyokaa kazini.

"Inasoma vizuri sana," alisema. "Umebadilisha nini?"

Ningeweza kumdanganya. Asingejua.

"Jina tu."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna, Dada."

Aliinua kichwa, akanigeukia.

"Na kulibadilisha kumekuchukua muda gani?"



"Dakika mbili."