Mkebe wa Makhanu

Uzi ukakatika tena. Kipande kiliruka kikagonga bati la jikoni, na mashine ya kukatia nyasi kwa uzi wa plastiki ikabaki ikinguruma bure mikononi mwa Pascalia, kama mzee anayegomba hana meno.

"Mara ya sita!" akaifokea. "Na hata upande mmoja wa kaburi hujamaliza!"

Ilikuwa Alhamisi, na trekta ilikuwa inakuja kesho. Mwaka huo Matungu yote ilikuwa inapanda miwa. Miwa ilikuwa imefika madirishani, imefika hata nyuma ya vyoo. Masinde, mdogo wa marehemu mume wake Makhanu, alikuwa amesema mbele ya wazee: kaburi la Makhanu likiwa safi, mahali pale pataachwa. Pakibaki kichaka, trekta itapita na miwa itapandwa mpaka kwenye simenti. Vijana wa kuajiri hawakupatikana, wote walikuwa wanakata miwa. Na bega la Pascalia lilikuwa limekataa fyekeo tangu mwaka jana. Ilibaki hiyo mashine tu. Makhanu aliitumia kukata nyasi za nyumba za wafanyakazi wa kiwanda miaka kumi na saba, na hakuna siku alirudi analalamika juu ya uzi.

Akaizima, akajifunga leso, akaenda sokoni Mayoni kwa mara ya nne wiki hiyo.

Dukani kwa Were nyuzi zilining'inia kwenye misumari nje ya mlango, za kila rangi, zikipigwa na jua tangu asubuhi.

"Kukhu, nyanya yetu, umerudi?" Were akauliza.

"Nimerudisha uongo wako. Jumatatu ulinipa wa kuvulia samaki, ukayeyuka. Jumanne ukanipa mnene kama mkia wa panya, haukuingia kwa tundu. Wa jana umeingia vizuri, lakini unavunjika kama bua."

"Huo ni wa nguvu, Kukhu. Pengine ni mkono wako."

"Mkono wangu umelea watoto tisa, haukuvunja hata mmoja."

Were akacheka. "Basi chukua mwekundu. Mwekundu ndio mgumu."

"Nani alikwambia?"

"Aliyeniuzia."

Pascalia akauchukua, akaukunja kidogo. Ko! Ukavunjika. Vidole vyake viliujua mlio ule. Ndivyo tete linavyolia ukisuka ungo kabla ya kuliloweka, naye alikuwa amesuka nyungo tangu usichana wake.

Ndipo akaukumbuka ule mkebe.

Makhanu alikuwa akiweka nyuzi zake kwenye mkebe wa maji nyuma ya nyumba. Miaka yote Pascalia aliugombeza: unaleta mbu, unaleta kutu, watu wataniona mchafu. Hakumwuliza hata siku moja ni wa nini. Matanga yalipoisha, nyuzi akazitupa, mkebe akawaachia kuku.

"Nipe ule wa jana," akasema.

"Lakini si umesema unavunjika?"

"Nipe tu. Na hizi zako uzitoe kwa jua, unaziua."

Nyumbani alimfukuza kuku, akausugua mkebe, akaujaza maji, akazamisha uzi na kuukandamiza kwa jiwe. Masinde akapita akisukuma baiskeli.

"Mulamwa, unapika nini hapo?"

"Uzi, shemeji."

"Ukiiva uniite. Trekta haiogopi uzi."

Asubuhi, umande ukiwa bado, aliifunga mashine kwenye lile bega zima, akavuta kamba ya kuiwasha. Uzi uling'ata. Nyasi ziliruka mpaka magotini mwake. Ulipogusa simenti alifumba macho akingoja ule mlio, lakini ulichanika ncha tu, ukaendelea. Upande wa kwanza ukaisha. Wa pili. Alipofika kichwani pa kaburi alisimama, jasho linamwingia machoni.

"Si ungeniambia, wewe mzee!" akasema kwa hasira. "Mimi napiga kelele miaka yote, na wewe unanyamazanga tu!"

Trekta ilifika saa tatu. Dereva akapaona pale mahali, pamenyolewa kama kichwa cha mtoto wa shule, akamtazama Masinde. Masinde akazunguka kaburi lote akitafuta hata unyasi mmoja mrefu. Akarudi, akakuna shingo.

"Zungukia kule," akamwambia dereva.

Mfereji wa kwanza wa trekta ukapinda, ukalikwepa kaburi.

Pascalia hakungoja kuona wa pili. Alikwenda nyuma ya nyumba, akamkuta kuku ameingiza mdomo kwenye mkebe.

"Toka. Hayo si yako."

Akaongeza maji mpaka ukingoni, akausukuma chini uzi uliobaki. Ukatoa mapovu mawili, ukatulia.