Maneno Yaliyochelewa Chini ya Picha

Asajile alikuwa hoi kitandani huko Ngana, tumbo limejaa maji, na kila aliyetoka kumwona alirudi na ombi lilelile: anamtaka Sekela. Sekela hakwenda. Akitajiwa baba yake mdogo huyo, aligeukia ukuta. Na kwa binti asiyesikia tangu utotoni, kukugeuzia mgongo ni kukufungia mlango na kutia komeo.

Mama yake, Veronika, aliomba, akafunga, akaomba tena. Hakuelewa. Siku marehemu mumewe Ambilikile alipoita ndugu kitandani kutoa wosia, Asajile peke yake ndiye aliyemtetea huyo binti, ambaye siku hiyo alikuwa kazini Mbugani. Na Sekela alikuwa na kikao chote kwenye kompyuta yake. Gwamaka, mpiga video wa harusi na misiba, alikirekodi, na kwa kuwa watu walisema Kinyakyusa, akamwandikia Sekela maneno ya Kiswahili chini ya picha. Mama na binti waliitazama mara nyingi pale nyumbani Talatala, wamekaa bega kwa bega. Mwenye masikio alisikiliza, asiyenayo akasoma.

Mchana mmoja Gwamaka alifika na pikipiki kutoka Ngana.

“Mama, kama ni kwenda, twende sasa. Jioni mgonjwa hatafika.”

Veronika akamwomba Sekela aiwashe video, ajionee mwenyewe wema wa baba mdogo. Ndipo kwa mara ya kwanza Veronika naye akasoma.

Mdomo wa Asajile ulikuwa unacheza. Sauti ilisema: usiseme hivyo, ana haki kama wengine. Chini ya kidevu chake paliandikwa: “Sekela msimhesabu. Shamba la kokoa wapewe wanaosikia.” Kisha Ambilikile akafoka kwamba ameshasema, hasemi tena. Chini yake yakaja yale ya mdogo wake: “Usiseme hivyo. Ana haki kama wengine.”

Gwamaka alishika kichwa. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba aliandika maneno kwanza, ndipo akakata wimbo wa mwanzo. Picha ikawahi, maandishi yakabaki kwenye muda wake wa zamani. Hakurudia kuikagua.

“Kuna kitufe hapa. Nikibonyeza, maneno yanasogea mbele kidogo kidogo. Niyavute, mama?”

Veronika alitazama kisogo cha binti yake. Kwa hiyo ndivyo alivyomzika baba yake: akimlilia mtetezi wake. Ambilikile yuko chini ya saruji, hana la kupoteza. Wa kupoteza ni huyu. Lakini kule Ngana kuna mtu anakufa na tusi lisilo lake. Aliomba macho yakiwa wazi, na jibu alilopata hakulipenda.

“Vuta.”

Gwamaka alibonyeza, akabonyeza, mpaka maneno yakaukuta mdomo ulioyatoa. Sekela alisoma. Akaonyesha kwa kidole: tena. Akasoma tena. Ambilikile alikuwa ameinua mkono anapolitaja jina lake, na mkono haukutetemeka.

Hakulia. Alikuwa ameuangalia vizuri mkono wa Gwamaka. Akausogeza pembeni, akatafuta kitufe cha pili, kile cha kurudisha maneno nyuma, akabonyeza polepole mpaka baba yake akapata tena mdomo wa huruma. Hapo akaisimamisha picha.

Veronika alimgusa bega, akamwonyesha pikipiki. Sekela aliandika kwenye simu, akamgeuzia: “Niacheni na baba.”

Veronika alikaza kitenge, akapanda nyuma ya Gwamaka. Wakashika njia ya Ngana.

Asajile alikuwa bado hai. Walimwinua kidogo amwone mgeni.

“Ndaga, shemeji,” alisema, yaani asante.

Kisha akatazama nyuma yake, mlangoni, akingoja mwingine aingie.