Picha za Baba wa Bi Harusi

Wateja wa studio ile ya picha walimwita dada mtu Jicho. Mdogo wake walimbandika jina la Mitambo, maana alisoma vitabu vya maelekezo ya kamera kama wenzake wanavyosoma barua za mapenzi. Jicho alimcheka waziwazi. "Picha inapigwa na jicho, mdogo wangu, haipigwi na vitufe." Wateja wakamvisha kilemba cha ukoka, naye akakivaa hivyohivyo.

Siku kompyuta iliposema kadi ya kamera ya Jicho, yenye picha za harusi ya Jumamosi, haisomeki, Mitambo alimgeukia dada yake kwa hasira.

"Kadi ya pili iko wapi?"

"Ya pili ipi?"

"Dada! Kamera yako inachukua kadi mbili, moja ikifa nyingine ibaki. Nimekwambia mpaka mate yamenikauka!"

"Usinipigie kelele. Nani mkubwa hapa?"

Fundi wa kompyuta naye alishindwa kuziokoa picha. Wiki hiyohiyo baba wa bi harusi akafariki, mzee yule aliyeinuka kwenye kiti cha magurudumu akacheza na binti yake ukumbini, watu wakalia.

Bi harusi akaja, macho yamevimba. "Sitaki nyingine. Nipeni tu ile baba anacheza."

Jicho akameza mate. "Pole, mdogo wangu. Kamera iliharibika."

Mori ukampanda Mitambo. "Haikuharibika! Ni nzima, ile pale kabatini. Hakutaka kujua inavyofanya kazi, basi!"

Bi harusi akamgeukia. "Na wewe je? Si ulikuwa na kamera yako?"

Mitambo akamfungulia picha zake. Zilikuwa safi, hata nyuzi za shela ungezihesabu. Pete, viatu, keki, maua. Bi harusi akazipitisha taratibu, kisha harakaharaka.

"Baba yuko wapi?"

"Muziki ulipoanza nilikuwa nabadilisha lenzi. Taa zilikuwa hafifu, nilitaka inayofaa..."

"Muziki mzima?"

Mitambo akainamisha kichwa. Alipomaliza kuhangaika na lenzi, mzee alikuwa ameshakalishwa.

"Wawili nyinyi!" bi harusi akapiga kelele. "Wawili, na makamera yenu, na baba yangu hamna!" Akaubamiza mlango, fremu ukutani zikalia.

"Kumbe na wewe," Jicho akasema.

"Usinianze!" Mitambo akafoka.

Kesho yake alimtupia dada yake kamera mapajani. "Weka kadi. Mbili."

"Unaniamrisha?"

"Ndiyo, nakuamrisha."

Jicho akafungua kifuniko cha betri. Akakifunga, akageuza kamera huku na huku, jasho likimtoka puani. Mitambo alimtazama tu, asimwonyeshe pa kuiweka. Ilichukua muda mpaka kadi ya pili ikaingia.

Jumamosi wakaenda kwenye harusi nyingine, hawasemeshani. Lenzi za ziada Mitambo aliziacha studio. Alisimama karibu na wazazi wa bi harusi tangu mwanzo, na mtu alipomwomba apige picha ya keki, alimjibu vibaya.