Bipu ya Tatu

1.

#31#

Alama, tarakimu mbili, alama. Ukizitanguliza mbele ya namba unayoipigia, anayepokea haoni yako. Kioo chake kinaandika *Namba ya siri*, basi. Hidaya anazijua kuliko siku yake ya kuzaliwa. Ni mwezi wa saba sasa anampigia mama yake hivyo, kila Jumanne saa nne asubuhi, kajibanza nyuma ya jiko la mgahawa mjini Makambako, kidole kimoja sikioni kwa ajili ya kelele za malori.

2.

TANGAZO KWA WATEJA WETU WAPENDWA
Huduma ya kuficha namba inahusu simu za sauti pekee. Haihusu ujumbe wa aina yoyote, wa kulipia au wa bure.

(Hidaya hakulisoma. Na wewe, lini ulisoma tangazo la kampuni ya simu hadi mwisho? Basi tusimcheke.)

3.

Alivyotoka navyo Korogwe:

kanga doti moja
cheti cha kuzaliwa
jino moja, limefungwa kwenye leso. Ni lake. Alilitoa Shaweji, mumewe, kwa ngumi, kisha akamwomba radhi kwa kilo mbili za nyama.

Simu aliiacha juu ya kitanda, ili isimfuate.

4.

Mama, siku ile, mlangoni:

"Usiniambie unakwenda wapi. Na namba mpya usinipe. Nisichokijua hakinitoki mdomoni. Nipigie tu, niisikie sauti yako, inatosha."

5.

Majirani wa mama, kisimani:

"Mkwe gani yule, jamani! Mke kamkimbia, yeye bado anamjali mama mkwe."

"Kila adhuhuri yupo. Shikamoo mama, lete simu nikakuchajie dukani."

"Wa kwangu hata chumvi hajaniletea."

Nyumbani kwa mama hakuna umeme. Shaweji anaichukua simu saa sita, anairudisha jioni. Anaichaji kweli. Na anaisoma yote, ila kila akifika kwenye *Namba ya siri* anakwama hapo.

6.

Jambo la zamani kidogo, lakini ulishike.

Hidaya alipokuwa bwenini, mama hakuwa na vocha, na kusoma hakujua. Wakapatana. Bipu moja: tu wazima. Mbili: nipigie. Tatu: usije, mto umekata barabara. Kila bipu ilikuwa mlio mmoja tu, kisha anakata. Tangu aimiliki simu, mama hajamwita mtu hadi mlio wa pili. Mlio wa pili, anasema, mtu anaweza kupokea, salio likaenda na maji.

7.

Jumanne hii.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuna jambo, nisikilize. Juzi Shaweji kaja na mtu, wakani—"

8.

*Salio lako halitoshi kuendelea na simu hii.*

9.

Wakani nini?

Wakani

        nini?

Aliogopa. Tuseme hivyo hivyo, aliogopa. Na vidole vikafanya ambacho vidole vya nchi nzima hufanya salio likiisha: vikabonyeza huduma ya bure.

10.

*Ombi lako limetumwa: "Tafadhali nipigie. 07•• ••• •••"*

Nukta hizo nimeweka mimi, kumsitiri. Kwenye simu ya mama zimefika tarakimu zote kumi.

11.

Maji yamemwagika.

12.

"We Hidaya! Maziwa yanafurika huko!"

"Dada Atupele, nimetuma namba."

"Kwa nani?"

"Kwa mama."

"Sasa mama naye ni mtu wa kutetemekewa?"

Hidaya akaenda kuepua maziwa. Atupele Sanga ndiye mwenye mgahawa, mwema kweli, ndiye aliyemsajilia laini kwa jina lake mwenyewe ili jina la Hidaya lisionekane popote. Siku ile walicheka, wakajiona wajanja.

13.

Namna ya kumjua mwenye namba:

Fanya kama unamtumia hela.
Andika namba.
Jina linatokea: ATUPELE SANGA.
Ghairi.

Sanga ni watu wa upande gani? Wa huku Makambako, hata Korogwe wanajua. Shaweji akishafika upande huu, asome vibao tu. Cha Atupele kina jina lake kwa maandishi mekundu, kinatazama barabara kuu.

14.

Saa tano na nusu, ndipo wateja walipopungua. Saa sita Shaweji huichukua simu. Mama hajui kufuta ujumbe. Lakini mtu yeyote pale anaweza kumsomea, na kitufe cha kijani anakijua.

Hidaya alinunua vocha, akakosea tarakimu mara mbili. Alipoingiza salio akapiga, na alama zake mbele, kwa mazoea.

*Namba unayopiga haipatikani kwa sasa.*

Tena.

*Haipatikani.*

Akafungua aproni. Akatia kanga na cheti kwenye mfuko. Basi la kwenda Mbeya hupita saa sita. Lakini mama? Amwache mama na Shaweji, na jambo lililokatika katikati?

15.

Saa sita kasoro dakika tatu.

Simu. Namba ya mama, wazi, bila siri.

Mlio mmoja. Ikakatika.

*Tu wazima.* Hidaya akashusha pumzi.

Mlio mmoja. Ikakatika.

*Nipigie.* Au bado anaendelea? Asubiri. Kidole juu ya kioo.

Kimya.

Nje, kondakta anaita Mbeya, Mbeya, Mbeya.

Kimya.

Tatu.

Mlio mmoja.

Kata, mama.

Mlio wa pili.

Kata.

Mlio wa tatu.

"Mbona hupokei?" Atupele anauliza, mikono ina unga. "Si mama yako huyo?"

Mlio wa nne.