Mlango wa Pailoti

Walubengo alikuwa amepanda ndege mara themanini na sita, kwenda na kurudi zikihesabiwa mbalimbali, na kama hukulijua hilo ungelijua kabla hujamaliza chai yako kwake. Kadi ya shirika la ndege, ile ya rangi ya fedha wanayopewa wasafiri wa kila mara, aliivaa shingoni hata akienda kununua maziwa. Watu wa Laini Saba, mtaa wake kule Kibera, walimwita Pailoti. Walianza kwa kumcheka, naye alijua, lakini jina lilimkaa vizuri akaamua kulichukua bila kuuliza limetoka wapi.

Kazi yake hasa ilikuwa mifupa. Mifupa ya ng'ombe ilitoka machinjioni Dagoretti, ikachemshwa, ikakatwa, ikasuguliwa mpaka ikang'aa, ikawa bangili na vipuli na shanga. Mafundi wa kazi hiyo kando ya reli walikuwa kumi na wawili, na watatu kati yao, tuseme ukweli, walimshinda kwa mbali. Bangili za Walubengo zilikuwa na tabia ya kuwa duara upande mmoja tu. Fundi wa kwanza alikuwa Ouma, mzee mpole aliyechonga mfupa mpaka ukapenyeza mwanga. Lakini kikundi chao, mafundi wa Kibera pamoja na akina mama wa Kawangware wanaosuka vikapu vya vyondo, kilialikwa kwenye maonyesho ya ng'ambo mara nne kwa mwaka, tiketi moja kila safari, na kwa miaka kumi na mmoja tiketi hiyo ilikuwa ya Walubengo. Sababu ilikuwa moja. Yeye ndiye aliyejua uwanja wa ndege.

Na alihakikisha hakuna mwingine anayeujua. Kila mtu alipouliza kwa nini zamu isizunguke, Walubengo alisimama, akakohoa, akaanza kusimulia ukaguzi. Jinsi unavyovua viatu, mshipi, saa na koti. Jinsi leptopu inavyotengwa kwenye trei yake peke yake. Jinsi mafuta ya kujipaka yanavyopimwa, yakizidi kidogo yanatupwa huku watu wanakutazama. Alieleza kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyeponea ajali. Kisha akawaita karakanani kwake wajaribu. Mlango wake wa mabati ndio ulikuwa mashine, kreti ya soda ndiyo trei, na yeye mwenyewe, akiwa amesimama pembeni, ndiye aliyelia "piii!" mtu akipita na kitu mfukoni.

Ouma alijaribu mlango ule mara tatu. Mara ya kwanza piii, akatoa funguo. Mara ya pili piii, akatoa rozari. Mara ya tatu alipita mikono mitupu, mifuko imegeuzwa nje, bado piii. Mzee akatingisha kichwa, akasema ndege si za watu kama yeye, akarudi kwenye msasa wake. Walubengo alimpa pole, tena akamshika bega.

Siri kubwa zaidi hakumfundisha mtu. Mzigo wa ndege ulikuwa na kipimo, kilo ishirini na tatu basi, na bidhaa za kikundi zilizidi kila safari. Sasa mlango wa ukaguzi wa uwanja wa ndege wakati huo ulikuwa unalia kwa chuma tu. Mfupa haulii. Walubengo aligundua hilo safari yake ya tatu, aliposahau bangili mkononi, na tangu siku hiyo alisafiri amevaa mzigo. Bangili kumi na mbili kila mkono, kuanzia kifundo hadi juu ya kiwiko. Zile pana, kumi na moja kila mguu. Na kiunoni, Mungu amsamehe, nyuzi saba za shanga, zile anazovaa mwanamke kwa ajili ya mumewe. Juu ya yote hayo, suti kubwa ya kijivu. Akitembea, mwili ulikuwa unagonga kok kok, naye akawa anakohoa kuuficha mlio. Kikundi kilistaajabu jinsi Pailoti alivyojua kupanga sanduku.

Mwaka huu mwenyekiti Nalianya alileta habari kwamba waandalizi wametoa tiketi mbili.

"Pailoti, goti lako linasumbua," alisema. "Enda na Syombua akajifunze. Mkirudi ndio tutajua nani ataendelea na hii kazi."

Syombua, Mama Makau, alikuwa msusi kutoka Kawangware, mzaliwa wa Kitui, mwanamke wa maneno machache. Vyondo vyake viliisha mezani siku ya kwanza ya kila maonyesho. Bangili za Walubengo nyingi zilirudi naye nyumbani, zikajifanya mpya safari iliyofuata.

Walubengo aliogopa. Alilala akiogopa na kuamka akiogopa. Mama huyu akiona uwanja wa ndege ni mwepesi, basi yameisha, na bila ndege yeye Walubengo ni nani? Ni fundi wa nne kwa ubora kando ya reli, na goti bovu. Kwa hiyo alimfundisha kufa kupona. Wiki nzima Syombua alitoka Kawangware na chupa yake ya uji, akapita mlango wa mabati, akapigiwa piii kwa sababu ya pini, kifungo, na mara moja kwa sababu ya kupiga chafya.

"Baba Valary, hata chafya inalia?" aliuliza, akimwita kwa jina la bintiye.

"Inategemea mashine," alijibu Walubengo bila haya.

Siku ya safari alimpitisha foleni ya wenye kadi ya fedha, foleni fupi yenye zulia, akatembea mbele kifua kimemtoka. Huko akakuta kila kitu kimebadilishwa. Ule mlango wa zamani haukuwapo. Palikuwa na kibanda cha kioo na mashine kubwa nyeupe ya kupitisha mabegi. Alijitia hamnazo. Aliinama akaanza kufungua kamba za viatu.

"Niaje, mzee," alisema askari, kijana mwenye jina Kagiri kifuani. "Viatu wacha tu. Siku hizi hatutoi."

"Kijana, mimi nasafiri sana." Akainua kadi.

"Nimeiona, mzee. Lakini vaa viatu. Leptopu pia iache kwa begi. Hii mashini mpya inaona kila kitu."

Neno hilo, kila kitu, lilimfanya Walubengo avute mikono ya koti mpaka vidoleni. Begi lake la mkononi lilikuwa tayari limeingia. Dada wa kwenye skrini aliligeuza huku, akaligeuza kule, akaona ndani yake kama lililofunguliwa mezani.

"Huu ni unga?"

"Unga wa ugali," alisema Walubengo kwa sauti ndogo.

"Na hizi samaki ndogondogo?"

Zilikuwa omena. Syombua akamtazama. Kila mkutano Walubengo alikuwa akiwasimulia vyakula vya wazungu, jibini la aina gani na supu ya rangi gani, na jinsi yeye alivyovizoea. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akijipikia ugali kwenye sufuria ndogo, dirisha la hoteli limefunguliwa ili harufu itoke. Dada aliliacha begi lipite. Uji wa Syombua nao ulipita na chupa yake, bila hata kuulizwa.

Syombua akaingia kwenye kibanda, akainua mikono juu, akatoka. Basi. Hakuna piii. Kwenye skrini pembeni palikuwa na mchoro wa mtu asiye na uso, na mchoro wa Syombua ulikuwa safi kabisa.

"Ni hivyo tu?" aliuliza Syombua.

"Ni hivyo tu, mathe," alisema Kagiri. "Mzee, karibu."

Kulikuwa na njia ya kurudi nyuma? Walubengo aliifikiria. Kuugua ghafla. Kusema amesahau jiko limewaka. Lakini nyuma yake palikuwa na mabwana wenye suti zilizowatosha, wanaangalia saa. Akaingia, kok kok, akainua mikono. Kwenye skrini mabaka ya njano yakaanza kutokea kwenye mikono ya yule mtu wa mchoro. Yakatokea miguuni. Yakamzunguka kiuno. Alipotoka, mchoro ulikuwa na njano nyingi kuliko mtu.

"Mzee, umebeba nini kwa mwili?"

"Mifupa."

"Sote tuko na mifupa, mzee."

Walianza na mikono. Bangili moja kwenye trei, ya pili, ya tatu. Kagiri alihesabu mpaka ishirini, akapotea, akaanza upya. Zikafuata za miguu, Walubengo akiwa amekunja suruali kama mtu anayevuka mto. Bwana mmoja kwenye foleni aliuliza kama huyu ni wa kikundi cha ngoma. Zilipofika arobaini na sita, Kagiri akamwelekeza nyuma ya pazia kwa ajili ya kiuno, na baada ya muda akatoka akiwa ameshika nyuzi saba za shanga kwa vidole viwili, mkono ameunyoosha mbali na mwili wake.

Aibu aliyoiona Walubengo hapo haina kipimo. Alitoka nyuma ya pazia akiwa mwepesi, mwili haugongi tena, akatamani ugonge. Aliona wazi jinsi alivyo: mzee wa miaka hamsini na sita aliyevuka dunia mara arobaini amevaa kama bibi harusi, akiwadanganya wenzake kwamba ni utaalamu.

Hakuna sheria aliyovunja, Kagiri alisema, ila ajipange, watu wanangoja. Syombua hakucheka. Alitoa chondo kitupu alichokuwa amekikunja ndani ya mkoba wake, akamimina bangili na shanga zote humo, akakitundika begani.

"Baba Valary," alisema polepole, "si hizi ungebeba tu kwa mkono?"

Angeweza. Kilo saba za mkononi zilikuwapo miaka yote. Alikuwa amezijaza unga.

Jumapili waliyorudi, kikundi kilikutana Kawangware baada ya kanisa, kwenye chumba cha nyuma ambacho akina mama walikodi. Nalianya akamwambia Syombua atoe ripoti. Walubengo alikaa karibu na mlango. Wiki nzima alikuwa amengoja siku hii, akijua mama huyu sasa atamwaga mtama.

"Tulienda vizuri, tukauza vizuri," alisema Syombua. "Uwanja wa ndege Baba Valary alinionyesha kila kitu."

Akaketi. Hilo ndilo alilosema, na halikuwa uongo. Watu walipiga makofi, wakamgeukia Pailoti wao. Walubengo angeweza kuitikia kwa kichwa, akaendelea kuwa Pailoti mpaka kaburini. Alijaribu kufanya hivyo. Lakini macho yake yaligongana na ya Ouma, ambaye alikuwa anapiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Akasimama, akasema yote. Alisimulia unga na omena, mchoro wa njano, suruali iliyokunjwa. Alipofika kwenye shanga za kiunoni akaonyesha kwa mikono jinsi Kagiri alivyozishika, na akina mama wa Kawangware walicheka mpaka mmoja akatoka nje kupata hewa. Naye alicheka. Ilikuwa raha kidogo, kucheka pamoja nao badala ya kuchekwa nyuma.

"Kwa hivyo mtu akienda saa hii," aliuliza Nalianya akijifuta machozi, "anahitaji kujua nini?"

"Hakuna. Unaingia, unainua mikono, unatoka."

"Na hapo zamani?"

"Hapo zamani pia ilikuwa rahisi. Unavua viatu, unavaa viatu."

Kicheko kilipungua. Ouma aliinua uso.

"Pailoti, ule mlango wako ulinilia mara tatu," alisema. "Mara ya mwisho nilikuwa nimetoa mpaka rozari. Mpaka leo huwa najiuliza ni kitu gani kilikuwa ndani yangu."

"Hukuwa na kitu, Ouma," alisema Walubengo. "Mlango haukulia. Ni mimi nililia."

Ouma alitazama mikono yake, ile iliyochonga mifupa bora kuliko yote kando ya reli. Walubengo alibaki amesimama kwa sababu hakujua mtu akishasema hivyo anaketi vipi.

Syombua ndiye aliyeongea. "Mimi nishaona huko. Zamu izunguke, na aanze Ouma."

"Wanaokubali wainue mkono," alisema Nalianya.

Kabla ya mtu mwingine yeyote, Walubengo aliinua mikono yote miwili juu ya kichwa, viganja mbele, miguu imetanuka, vilevile alivyosimama kwenye kile kibanda cha kioo.

"Mmoja, Pailoti," alisema Nalianya. "Tunahesabu."

Akashusha mmoja.