Kilio cha Mwadi

Kitabu kipya cha mchezo wetu kiliingia Kolwezi kikiwa kimefungwa ndani ya kitenge, kwenye mizigo ya Stanislas aliyetoka Lubumbashi, na kabla hajanywa maji ya safari mtaa mzima ulikuwa umeshajua. Mimi ndiye niliyeisambaza habari, sikatai. Tunachezea kwangu kila Jumapili baada ya ibada. Nani mwingine angeanza kusema?

Mchezo wenyewe ni hivi, kwa asiyeujua. Stanislas anakaa mwisho wa meza na kusimulia nchi iliyofunikwa na majivu. Sisi wengine kila mmoja ana mtu wake katika nchi hiyo: unasema mtu wako anafanya nini, unatupa dadu, nayo inaamua kama ameweza. Guelord, anayechimba kule kwenye mgodi wa Mashamba, ana mpiganaji mwenye nyundo. Mimi nina mchuuzi mwongo. Kabedi, fundi cherehani na sauti ya kwanza ya kwaya yetu, alikuwa na Mwadi, bibi kizee anayeimbia mifupa: akiimba, wafu wanajibu. Na Kabedi hakuwa anasema tu kwamba Mwadi anaimba. Aliimba kweli, Kiluba cha mama yake, mpaka wapita njia wakasimama ukutani.

Sasa kitabu kipya kilikuja na sheria mpya. Guelord aliubusu ukurasa, maana nyundo yake siku hizi inapiga mara mbili. Mimi nilinuna. Zamani nilidanganya kwa ulimi wangu tu. Sasa hata uongo unatupiwa dadu. Guelord akanifananisha na wale wazee wa Lubudi wanaongojea treni ya ujana wao. Nikamwambia kitabu chenye picha nyingi namna hii lazima kimpendeze mtu aliyeweka akili kwenye nyundo. Tulipigana maneno hivyo alasiri nzima, kwa raha zetu, wala hatukuona Kabedi akifungua kitabu kutoka mbele hadi nyuma, tena kutoka nyuma hadi mbele.

Waimbia-mifupa hawakuwemo. Walioandika waliwaondoa.

"Chagua mutu mwingine, mama," Stanislas akamwambia kwa upole.

"Mi sina mutu mwingine."

Akakunja kitenge chake, akaenda. Jumapili iliyofuata kiti chake kilikaa kitupu, na akatuma neno kwamba tusimngoje tena. Tulijaribu kucheza. Stanislas alisimulia, Guelord akapiga nyundo mara mbili, na ilikuwa kama kula bukari bila mboga. Tukaona wazi: Mwadi akipotea, Kabedi naye amepotea.

Guelord ndiye aliyepata neno. Kwetu mtu akifa bila kuliliwa, anabaki amesimama mlangoni. Basi Mwadi alikufa, na nani alimlilia? Tumfanyie kilio, alisema, tumpeleke vizuri. Nilienda mwenyewe kumwita Kabedi. Nilimwambia haji kucheza, anakuja kuzika tu. Alikuja amefunga kitambaa kichwani, akakaa kwenye mkeka, na macho yake yalikuwa mekundu kweli.

Kosa lililofuata ni la mdomo wangu. Nilipokuwa napanga viti, jirani aliuliza juu ya ukuta kuna nini, nikamjibu kwamba Mwadi wa Kabedi amekufa, leo tunalia. Nilisahau kusema ni Mwadi wa mchezo. Jua halijasogea, kwaya nzima ikaingia, Mama Micheline mbele, beseni la unga kichwani, akilia tangu barabarani. Wakamkuta Kabedi mkekani. Walitaka ushahidi gani tena?

Watu waliokuja kulia huwaambii warudi. Niliwatandikia mikeka, nikapitisha vikombe vya munkoyo, kisha nikamweleza Mama Micheline sikioni. Alinitazama sana.

"Sasa huyu mufu alikuwa na mwili?"

"Hapana, mama."

"Basi ni kilio rahisi, hakuna jeneza." Akaendelea kulia, maana alikuwa ameshaanza.

Hapo wajukuu wakapata nafasi yao. Kwenye kilio mjukuu ana ruhusa: anavaa nguo za marehemu, anamwiga, anawazibia watu njia, na hakuna wa kukasirika. Mwenye nyundo wa Guelord alikuwa mjukuu wa Mwadi tangu mwanzo wa mchezo. Guelord akajifunga kitenge changu, akainama juu ya mchi wangu kama fimbo, akakohoa, akaimba kwa sauti ya mbuzi. Akasema kambo Mwadi, bibi yake, aliogopa panya. Nyumba ikavunjika kwa kicheko. Kabedi alivumilia mpaka Guelord aliposema kwamba siku ile ya mchezo, pale kwenye daraja, kambo alikimbia.

Alisimama.

"Mwadi hakukimbiaka hata siku moya."

"Sasa alifanyaka nini?" Guelord akamzibia njia kwa mchi.

Kabedi akamwonyesha. Mgongo ukapinda, sauti ikashuka, na mbele yetu akawa Mwadi, darajani, akiwaita wafu. Akaimba. Kwaya haiwezi kusikia wimbo ikanyamaza. Waliudaka ubeti wa pili, na majirani waliobaki makwao wakaja nao.

Wimbo ulipoisha, Mama Micheline akapangusa uso.

"Mutu hafwe na jina yake. Nani anamupiana?"

Sote tukamgeukia Stanislas. Mrithi wa jina, katika kitabu hiki? Alipekua kurasa huku jasho likimtoka. Akasema kuna walinzi wa makaburi, vijana wenye taa. Kuwaimbia wafu, hapana, hakuna.

"Ule mulinzi," Kabedi akauliza, "kitabu kinamukataza kuimba?"

Stanislas akasoma tena, polepole. "Hakimukatazi."

"Basi ni mujukuu wa Mwadi. Anaitwa Mwadi."

Mama Micheline akachota unga kwenye beseni lake, akampaka Kabedi kwenye paji la uso, kama anavyopakwa mrithi, na Kabedi akavuta kiti chake mezani. Stanislas akamweka msichana mwenye taa mbele ya shimo lililojaa mizimu. Msichana akaimba. Kabedi akatupa dadu kwa nguvu mno. Ikaruka meza, ikajiviringisha hadi chini ya kitenge cha Mama Micheline.

Mama alikataa kuinuka. Alitaka kwanza aambiwe ni namba gani inayomwokoa mtoto. Tukamwambia nne, au zaidi. Akainua pindo kidogo, akachungulia peke yake, akapiga vigelegele, na kwaya ikamfuata. Mpaka leo hakuna mwingine aliyeiona namba ile.