Salamu za Barabarani

Shemeji yangu Delbert Stroud anaamini kwamba dunia nzima inamsalimia. Hilo ndilo lililomponza, na mimi sikumwonea huruma siku ile, wala leo simwonei.

Delbert ana gari-nyumba. Urefu wake ni wa basi la abiria, na ndani mna kitanda, jiko, choo na makochi mawili ya ngozi ambayo mtu akitaka kuyakalia lazima kwanza atandike taulo. Kila baridi ikianza kwetu Minnesota tunashuka Arizona kuota jua, sisi na wazee wengine wote wenye magari ya namna hiyo. Delbert hukaa kwenye usukani, dada yangu Maurine kando yake, na mimi Netta, mjane nisiye na gari, nyuma kwenye meza ya chakula. Na nyuma yetu sote, likiwa limefungwa kwa mkono wa chuma, magurudumu yake yote manne yakibingirika juu ya lami, huja gari dogo jekundu la Maurine.

Delbert huliita "mkia". Lakini ukishaliegesha gari-nyumba kambini, ukaliunganisha na maji na umeme, huwezi kuing'oa nyumba nzima kwa sababu ya kwenda kununua mayai. Gari lile dogo ndilo miguu ya Maurine. Gari kubwa Delbert hamruhusu hata kuliwasha. Anasema mikono yake ni ya kushonea. Mikono hiyohiyo ilikuwa ikiendesha lori la ngano la baba yetu tangu Maurine ana miaka kumi na mitatu, wakati Delbert kule mjini bado anafundishwa na mama yake kufunga kamba za viatu. Nimeshamwambia hivyo mbele ya wageni. Hakucheka.

Mwezi wa tatu mwaka ule Carlene, mtoto wao wa pekee, alikuwa anaolewa. Bwana harusi alikuwa Efraín, muuguzi wa hospitali, kijana mwenye adabu na mikono safi. Delbert akagoma.

"Mwanaume mzima anashinda akibeba mabakuli ya choo ya wagonjwa!" alisema. "Mimi siendi kushangilia hilo."

"Siku ukilazwa utamwita nani akubebee lako?" nikamuuliza.

"Netta, wewe ni mgeni humu ndani."

Basi kwa kuwa baba amekataa, Carlene akamwomba mama yake ndiye amshike mkono na kumpeleka mbele ya kanisa. Maurine alilia kwa furaha siku mbili. Alijishonea gauni la bluu, akalitundika bafuni kwenye gari-nyumba tukawa tunaoga huku tukilikwepa. Harusi ilikuwa Tres Hornos, mji wa migodi ya zamani uliojibandika mlimani, wenye njia nyembamba ambazo basi haliwezi kukata kona. Mpango ulikuwa hivi: Delbert atatufikisha kambi iliyo chini ya mji, sisi tufungue gari dogo, tupande wenyewe. Alilikubali hilo kama mfalme anayesamehe wahalifu.

Asubuhi ya harusi Maurine alilifunga gari lake mapema, kabla ya kuvaa. Kazi hiyo huifanya yeye kila mara, na huifanya kimyakimya. Katika kambi zetu kuna mwiko mmoja ambao hata walevi wanauheshimu: mtu anayefunga gari hasemeshwi. Ukimsemesha atasahau pini moja, na pini moja ni kaburi. Maurine akatia pini, akafunga minyororo, akachomeka waya wa taa, akaachia breki ya mkono, akaweka gia kwenye fri ili magurudumu yazunguke yenyewe. Akalisukuma kidogo kwa bega, likacheza. Akaingia ndani nimfunge nywele.

Nikiwa na pini za nywele mdomoni, nikamwona Delbert dirishani. Alikuwa amempata jirani mpya, mzee mmoja kutoka Kanada ambaye alitoka kutupa takataka, maskini, asijue linalomngoja. Delbert alitaka kumwonyesha pampu yake ya upepo iliyofungiwa kwenye sanduku la pembeni. Ufunguo wa sanduku uko kwenye pete moja na ufunguo wa gari dogo, ambao huachwa kwenye swichi gari likikokotwa. Nikamwona anafungua mlango wa gari dogo, anainama, anatoka na funguo. Alimwonyesha Mkanada ile pampu mpaka mzee wa watu akawa anahamisha mfuko wa takataka mkono huu na mkono ule. Kisha akazirudisha funguo mahali pake na kupiga mlango.

Tulipokuwa tayari kuondoka nikamwambia, "Delbert, umeingia kwenye gari baada ya Maurine kulifunga. Kagua upya."

"Nimechukua funguo tu."

"Basi twende hatua chache, nishuke niangalie magurudumu kama yanazunguka. Kila mtu hufanya hivyo."

"Wanaoanza ndio hufanya hivyo," akasema, akinyoosha kofia yake. Mkanada na mkewe walikuwa wamesimama mlangoni kwao wakitazama. "Unataka nianze kutambaa mbele za watu kama mtu aliyelinunua jana?"

Nikafungua mdomo. Maurine akanigusa goti.

"Netta, acha. Leo sitaki kelele. Leo nataka kufika tu."

Tukatoka. Kwenye changarawe ya kambi gari liliburuta kidogo, Delbert akasema changarawe ni laini. Kwenye lami likawa zito, akasema upepo wa mbele leo ni mkali. Nje bendera za kituo cha mafuta zilikuwa zimelala kwenye milingoti. Kamera ya nyuma ipo, imewekwa na kiwanda ili dereva aone anachokikokota, lakini Delbert alikuwa amefunga bendera yake kubwa kwenye ngazi ya nyuma ikaiziba. Kwenye kioo cha kamera tuliona kitambaa kikipepea, basi.

Sasa, wenye magari-nyumba wana desturi ya kusalimiana. Mkipishana, dereva humpungia mkono dereva mwenzake. Wengi hufanya hivyo kwa upole tu, kama jirani. Delbert huinua vidole viwili kutoka kwenye usukani, taratibu, kama jenerali anayekagua gwaride, na asiyemjibu humtukana maili mbili nzima.

Siku ile walimjibu wote. Dereva wa lori aliwasha taa na kuzima, akawasha na kuzima. Gari lililojaa watoto lilitupita, watoto wote wakiwa wameng'ang'ania dirisha la nyuma, wakirusha mikono. Mwanamke mmoja alitoa nusu ya mwili wake nje akipiga kelele. Delbert alikuwa akiinua vidole viwili, anashusha, anainua tena. Uso umemchanua.

"Mnaona? Watu wa huku kusini wana adabu. Si kama wale wa kwetu."

"Delbert, wale watoto walikuwa wanaonyesha nyuma," nikasema.

"Wanaonyesha bendera. Imewapendeza."

"Kuna harufu ya mpira unaoungua," Maurine akasema.

"Ni lile lori lililotupita. Breki zake mbovu. Mtu hajui kutunza gari lake asipewe leseni."

Debe tupu haliachi kuvuma, na hili letu lilikuwa limepewa usukani. Nilisimama kwenda dirisha la nyuma la chumba cha kulala. Chini sikuona gari, niliona moshi mweusi. Nikapiga ukelele ambao hata marehemu mume wangu hakuwahi kuusikia.

Lakini kabla Delbert hajageuza shingo, pikapu kuukuu inayovuta kibanda cha farasi ilikuja sambamba nasi ikipiga honi mfululizo. Mama mwenye nywele nyeupe na kofia ya majani alikuwa akipiga ngumi mlango wake kwa nje. Delbert akainua vidole viwili. Yule mama akatuchomekea mbele, akapunguza mwendo, akapunguza, mpaka tukasimama sote kando ya barabara.

Akashuka na ndoo.

"Baba, wewe ni kichaa au kipofu?" akamwuliza Delbert aliyekuwa anateremka ngazi kwa heshima zote. "Nakupigia honi na wewe unanipungia mkono! Gari linaungua huko nyuma!"

Jina lake lilikuwa Ofelia Bracamonte, na maji aliyokuwa akimpelekea farasi wake aliyamwaga yote kwenye gari la dada yangu. Matairi ya mbele hayakuwapo. Yalikuwa yamesagika yakaisha, na vyuma vya magurudumu vilikuwa vimelika upande mmoja kama sabuni. Rangi nyekundu ya mbele ilikuwa imevimba na kumenyuka. Maurine alisimama na gauni lake la bluu, mkono mdomoni.

Delbert alilizunguka gari mara moja. "Matairi mabovu," akatangaza. "Nitawashitaki waliotuuzia."

Ofelia akafungua mlango wa dereva, akachungulia. "Hutamshitaki mtu. Gia iko kwenye P. Umelikokota gari likiwa limeegeshwa."

Nilidhani, kwa ujinga wangu, kwamba labda leo mtu huyu atasema samahani. Badala yake akamgeukia mke wake.

"Wewe ndiye uliyelifunga, Maurine. Kichwa chako kilikuwa harusini."

Damu ilinipanda mpaka machoni. "Mwongo mkubwa wee! Nimekuona kwa macho yangu—"

"Netta," dada yangu akasema. Hakupaza sauti. Alikuwa anamtazama mumewe. "Delbert, ulipokwenda kuonyesha pampu yako, funguo ulizitoaje?"

"Nilizitoa tu. Kwa mkono."

"Gari lile halitoi ufunguo mpaka gia iwe kwenye P. Wewe mwenyewe ulilalamika siku niliyolinunua."

Delbert akatazama barabara, akatazama milima, akatazama farasi. Farasi naye alimtazama.

"Haya, yametokea," akasema mwishowe. "Nitapiga simu waje na lori la kulibeba. Saa tatu, labda nne. Tutangoja hapahapa. Hao wa harusi wataelewa. Na kusema kweli, Maurine, huenda Mungu amekuepusha."

"Nitawapeleka mimi," Ofelia akasema. "Farasi hana haraka."

"Asante sana, dada," Maurine akajibu. "Nina gari."

Akakunja gauni, akapiga magoti kwenye vumbi kati ya gari kubwa na gari dogo, akaanza kuchomoa pini. Delbert akamsogelea. "Anza na mnyororo wa kushoto. Wa kushoto, nimesema. Utachafua hilo gauni. Unafanya nini lakini?"

Maurine akainua kidole kimoja bila kugeuka. "Mtu anayefunga hasemeshwi," akasema. "Anayefungua vilevile."

Ofelia alicheka mpaka akashika ndoo kwa mikono miwili.

Mkono wa chuma ukaachia. Maurine akaukunja, akaufungia mahali pake, akajipangusa magoti, akapanda ngazi ya gari-nyumba. Nilikuwa nyuma yake kabla hajafika juu. Akavuta kiti cha dereva mbele, maana Delbert ana miguu mirefu, akarekebisha vioo, akavua viatu.

Delbert alikuja mlangoni. "Shuka hapo. Maurine, huliwezi hilo. Hilo si cherehani!"

"Kaa na gari langu, lisije likaibiwa," Maurine akamwambia. "Simu unayo. Ukipata kiu, mwombe huyu mama maji ya farasi."

Akafunga mlango. Injini ikanguruma, akaangalia kioo cha kushoto kwa utulivu, akaingia barabarani kwa ulaini ambao sijawahi kuuona ndani ya gari lile. Vyombo kabatini havikugonga. Nilijikalia kwenye kochi la ngozi bila taulo.

Nyuma yetu Delbert alikuwa anakimbia kando ya barabara, mikono yote miwili juu, akiirusha huku na huku.

"Netta," dada yangu akasema, macho kwenye kioo, "anatupungia."

"Ana adabu," nikasema.

Maurine akainua vidole viwili kutoka kwenye usukani, taratibu, akavishusha.

Tuliliacha gari-nyumba chini ya mji, mbele ya lango la mgodi, likiwa limeziba nusu ya barabara, nasi tukapanda mlima kwa miguu, viatu mkononi. Saa tisa, saa ya ndoa, ilikuwa bado haijagonga. Carlene alikuwa amesimama nje ya mlango wa kanisa, mweupe kwa gauni na mweupe kwa wasiwasi. Alimkumbatia mama yake, kisha akachungulia nyuma yetu, kule njia inakotokea. Mtoto ni mtoto. Nilimwona anatafuta.

"Baba hakuja hata kidogo?"

Maurine akaushika mkono wake, akaukaza kwenye kwapa lake, wakageukia mlango.

"Tulikuwa naye," akamwambia. "Amebaki barabarani, anasalimiana na watu."